Tundu la Senti Kumi

Nilizisugua usiku kucha kwa ndimu na majivu,
senti kumi za Kukhu, ishirini na saba,
zilizotungwa kwenye kamba ya mkonge
zikaning'inia nyuma ya mlango tangu sijazaliwa.
Zilikuwa nyeusi kama chungu cha maharagwe.
Alfajiri ziling'aa kama meno ya mtoto,
nami nikajiona tajiri, nikaenda Kisumu.

Kibuye, Jumapili, nyuma ya wauza redio mbovu,
Zablon Ogutu amekaa, lenzi jichoni,
kitambaa cha buluu mezani, mizani pembeni.
Akazimwaga. Akanyamaza.
Kisha, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya:
"Nani aliziogesha hizi otonglo?"

Nikasema mimi.
Nilikuwa nangoja asante.

"Dada, shaba ina ngozi.
Huiota polepole, miaka sitini, themanini,
kwa jasho la viganja na hewa ya vyumba vya watu.
Wewe umeichuna.
Umeniletea usafi, umri umeubwaga kwenye karai."

Akanifundisha bila kudai karo:
kwamba uzee peke yake si bei
(beberu naye huzeeka, nani humwongezea dau?),
kwamba kuna miaka walimwaga senti kama mtama
na miaka waliyobana mkono,
kwamba karibu na zile pembe mbili za ndovu
huenda kukawa na herufi, ndogo kama yai la chawa,
inayotaja kiwanda kilichoizaa,
na kwa herufi hiyo watu wazima hukosana mnadani.

Na jina la mfalme?
Akacheka. Hata yule aliyeacha kiti mwaka haujaisha,
senti zake zimejaa makopo ya watu.
"Bei ni watu wawili kukitaka kitu kimoja,
na kitu chenyewe kiwe hakina ndugu."

Akazipima zote pamoja, kwa uzito, kama misumari.
Mia mbili na kumi.
Nikanunua sukari na kipande cha sabuni.
Sabuni! Njia nzima nilijicheka.

Luanda, jioni, Kukhu Loise anakoroga mboga.
"Wamekupa ngapi?"
Nikamwambia. Hakushtuka.
"Moja ilininunulia chumvi ya wiki," akasema,
"mpaka siku duka lilipoanza kuzikataa.
Hizo ulizouza ni zilizobaki baada ya paa."

Baada ya paa?

Akaelekeza mwiko juu, mchuzi ukadondoka kifuani.
"Babu yako hakuwa na pesa ya vifuniko vya misumari.
Alikuwa na pesa isiyo pesa."

Paa la jikoni ni fupi.
Nikapanda juu ya jiwe la kusagia, nikachungulia:
safu kwa safu, chini ya kila kichwa cha msumari,
senti kumi, ya kijani kama mgongo wa chura,
msumari umepita katika tundu bila kuijeruhi,
kana kwamba huko ng'ambo, walipoitoboa,
walishapata habari za mvua ya Bunyore.
Nikahesabu thelathini na moja, giza likanizuia.

Ya mwisho kabisa, ukingoni, juu ya figa la Kukhu,
niliimulika kwa simu.
Pembe mbili. Mwaka, nusu umeliwa na kutu ya msumari.
Na karibu yake kitu, alama, herufi labda,
labda uchafu wa ndege.
Kidole gumba kikaenda chenyewe kupangusa.

Nikakirudisha.

Upande wa Maseno radi ilikuwa inasogeza viti.
Tone la kwanza likagonga bati, la pili, kisha yote,
nami bado niko juu ya jiwe, nimelowa, mkono hewani,
Kukhu akaniita kutoka ndani:
"Inavuja?"

"Haivuji," nikasema.
"Haya shuka, ugali unapoa."