Kushoto Kwenda Kulia

Jumanne na Alhamisi, saa mbili kasorobo,
basi dogo la kituo hupiga honi mara moja
mbele ya geti letu, Al Khoud.
Basheer, dereva, hamshiki mtu mkono bila ruhusa.
Husema tu: "Ngazi mbili, Mama Shinuna. Ya pili fupi."
Kiswahili hicho chote kafundishwa na mama,
na mama kwake keshajua kuhesabu
hadi kumi kwa Kimalayalamu.

Mwaka wa kwanza nilikataa.
Nilisema mama yangu si wa kwenda kushinda na wagonjwa.
Presha ya macho ilianza kumla pembeni,
kama panya, inauma huku inapuliza,
mpaka dunia yake ikabaki tundu la sindano,
kisha tundu nalo likazibwa.
Nikaficha visu. Nikaficha kiberiti.
Nikamkalisha kitini karibu na kiyoyozi,
nikamwita malkia.
Malkia alinyamaza siku arubaini.
Ya arubaini na moja akauliza:
"Nani aliyekufa humu ndani?"

Mwalimu wake, Ghaliya, mtu wa Ibra,
hajapata kuona hata siku moja
wala haoni haja ya kukueleza.
Alimpimia fimbo nyeupe mpaka kifuani
akamtoa nje kwenye jua la Mei:
Sikiliza ukuta, unarudisha sauti. Mlango wazi haurudishi.
Kiyoyozi kinachodondoka ni duka la dawa.
Harufu ya mkate ni kona, hapo kata kulia.
Na hivi vigae vya vinundu vimewekwa kwa ajili yako,
fuata, fuata,
fuata,
mpaka vikaishia kwenye nguzo ya taa.
Mama akaigonga mara tatu, kama anabisha hodi.
"Wenyewe wamelala," akasema.
Ghaliya aliandika barua manispaa. Nguzo bado ipo.
Barua ya pili iko njiani.

Nukta nundu zilimchelewea.
Vidole vya miaka sitini na sita,
vimekuna nazi, vimesaga pilipili,
vimekuwa sugu kama kisigino.
Miezi minne anahangaika na alifu na bee.
Halafu Alhamisi moja kashuka garini anahema:
"Wewe, unajua? Kiarabu hapa kinaanzia kushoto!"
Sikuelewa.
"Kushoto! Kama barua zetu za Kiswahili.
Na mimu ni m ile ile. Lamu ni l. Nuni ni n.
Nimewagusa, ni walewale."

Miaka hamsini katika nchi hii
mama ameishi na Kiswahili jikoni, Kiarabu sebuleni,
na dukani, neno likimkwama kooni,
muuzaji humtazama akamuuliza kwao wapi.
Sasa juu ya karatasi nene, ya rangi asiyoijua,
lugha zote mbili zinatokea upande mmoja,
zinapita chini ya kidole kimoja,
na kidole hakimuulizi mtu kwao.

Juzi tulikuwa na wageni, nikawahi jikoni kupika chai.
Makopo manane, yote sawasawa,
kayapanga upya kwa mpango wake,
kila moja kalibandika utepe wenye vipele.
Nikagusa. Nikagusa tena. Mchanga mtupu.
Nikafungua: nyeupe, laini. Na jingine: nyeupe, laini.
Mimi, mwenye shahada mbili za chuo kikuu,
nikatia chumvi vijiko sita.

Mama alionja, akakitua kikombe taratibu,
akawauliza wageni habari za Sur.
Walipoondoka ndipo alipocheka, akacheka
mpaka akashika ukuta.
Kisha akanikamata kidole cha shahada,
akakiweka juu ya kopo, ukingoni, kushoto.
"Anzia hapa," akasema.
"Na usibonyeze. Unasoma, hukandi unga."