Yai Lenye Mwiba

Mara ya kwanza nililaumu rosela,
ile juisi tuliyokunywa harusini kwa kina Shija.
Siku ya tatu rosela ilikwisha kitambo,
na tone la mwisho bado lilitoka jekundu,
likiunguza.

Duka la dawa pale Kisesa walinipa vidonge vya yutiai.
Nikamaliza. Wakanipa vingine, vya bei.
Luhende hakuuliza kitu.
Alihamisha mto wake tu, akalala sebuleni,
na asubuhi akawasalimia mbuzi kabla yangu.

Kituo cha afya, yule binti wa maabara
alinirudisha na kikopo changu cha alfajiri.
"Njoo saa saba, mama, jua likiwa kali.
Kwanza tembea, rukaruka kidogo.
Hawa hawaamki mapema."
Nikaruka, mimi mwenye wajukuu wawili,
nyuma ya tangi la maji, pindo la khanga nimeliuma kwa meno.

Akaniita nichungulie.
Duara la mwanga, na ndani yake
kitu kama punje ya mpunga usiokobolewa,
mkiani kina mwiba.
"Kichocho," akasema. "Mna majaruba?"
Tuna majaruba. Tuna maji ya magotini kila Januari.
"Basi na baba aje. Na kikopo chake."

Luhende alikuja Jumatatu, kofia usoni.
Alipotoka maabara hakuniangalia;
aliangalia miguu yake, kisha yangu,
tope lile lile kwenye kucha.

Walitupima kwa mti uliopakwa rangi, kama watoto wa shule:
urefu wako ndiyo idadi ya vidonge vyako.
Yeye vitano, mimi vinne,
vichungu kama nyongo ya sato iliyopasukia mchuzini.
Kwanza tulikula michembe na karanga,
bakuli moja, kwenye benchi,
kila mmoja akimsukumia mwenzake ya mwisho.

Njiani kichwa kikanizunguka. Akanishika kiwiko.
"Mto nitaurudisha," akasema.
Radhi hakuomba.
Deni hilo nimeliandika.

Sasa maji yamefunguliwa.
Mabuti ya mpira ni ghali, tumenunua jozi moja;
mimi yananipwaya, nayajaza matambara.
Tunapokezana: jaruba moja yeye, jaruba moja mimi,
asiye na zamu anakaa tutani,
na konokono wametulia kwenye miche
kama wenye shamba.