Siku ya Sita

Nilidhani anacheza.
Kidawa, miaka mitatu na nusu,
nyuma ya pazia la chumba chetu cha kupanga, Tandika,
amesimama kwa ncha za vidole,
miguu kaikaza kama mkasi uliofungwa,
jasho puani.
Nikimwita haitiki.
Kisha anashusha pumzi, anarudi kwenye vifungo vyangu
kuvipanga kwa rangi.

Mimi fundi cherehani. Nahesabu inchi.
Siku sikuzihesabu.

Jumanne, chupi ina doa la majimaji.
Nikasema anaharisha,
nikamnyima papai, nikampa wali mkavu.
Alhamisi doa tena,
mkono ukatangulia akili.
Kofi moja tu. Yeye kalisahau.

Zahanati, Nesi Tumwesige akamlaza,
akambonyeza tumbo upande wa kushoto
polepole, kama atafutaye sarafu kwenye pindo la kanga.
"Huyu haharishi, baba. Amejaa.
Kigumu kimeziba njia, chepesi kinapenya pembeni,
mwenyewe hata hana habari.
Mara ya mwisho alipata choo lini?"
Nikatazama feni.

"Kilimuuma siku moja, akakiogopa.
Anakibana, kinakauka.
Kikikauka, kinauma zaidi."

Nikakiona choo chetu cha wapangaji:
tundu jeusi, mende, mlango usio na komeo,
na Mama Sikujua nje: "Bado tu?"

Tukapewa dawa ya unga, ya kukoroga na maji,
"na usiikatishe ukiona nafuu, itachukua miezi.
Akitapika, tumbo likivimba, ukaona damu,
usingoje kuche."

Basi kila tukimaliza kula, dakika tano kwenye poti,
miguu juu ya boksi la nyuzi,
apulize filimbi ya plastiki.
Maji, maharage, mchicha. Papai nikamrudishia,
pamoja na samahani.
Simharakishi.
Uzi ukikwama kwenye bobini, ukiuvuta unakatika;
unarudisha gurudumu nyuma,
kidogo,
kidogo tena.

Usiku wa siku ya sita
filimbi ikalia, ikanyamaza.
Poti ikaitika: pwa.

Kidawa akainuka, akainama, akachungulia.
"Baba. Kumbe ni hiki tu?"

Nikapiga kigelegele, mimi, mwanamume mzima,
gauni la mteja likaanguka na sindano yake.
Mama Sikujua akagonga ukuta: kuna nini?
"Tumepata!"
"Mmepata nini usiku huu?"

Asubuhi nikaenda dukani kununua komeo.