Shimo la Sita

Aliyelichora shimo la sita hakuwa na tingatinga.
Alikuwa na vijiti, kamba ya usumba
na saa nzima ya kutembea.
Akafika ukingoni, akakuta bahari imekwisha kulitafuna jabali
vizuri kuliko ambavyo angelitafuna yeye.
Akasema: hapa. Akachomeka kijiti, akaenda kunywa chai.

Ndivyo alivyonihadithia baba,
aliyekata nyasi pale miaka thelathini na mmoja.
Naye alihadithiwa; hiyo chai sina hakika nayo.

Mimi nachora kwa kipanya.
Ofisi yetu iko Nyali, juu ya duka la vigae,
na kiyoyozi chetu hutoka jasho kutushinda sisi.
Jumanne nilisogeza vilima vinne kabla ya saa nne.
Nikachimba ziwa, nikalifukia, nikalichimba tena,
maana Bwana Ndirangu hakulipenda: limekaa kama figo.
Alitaka kama lile aliloliona Dubai.
Nikampa la Dubai,
ambalo nalo lilinakiliwa kwingine,
na huko kwingine walinakili picha.

Mpira wa siku hizi umejifunza kuruka mbali,
basi viwanja navyo vinarudi kinyumenyume
kama mtu anayempisha ng'ombe uchochoroni:
yadi elfu sita, elfu saba, elfu saba na mia nane,
na kila yadi ina kiu yake.
Kisima tulichochimba kimetoa maji ya chumvi.
Tutayachuja, asema mhandisi.
Kisauni, mtungi wa lita ishirini umefika shilingi hamsini.
Hilo halimo mchoroni. Halina rangi.

Jumamosi nilimchukua baba tukaenda kuliangalia la zamani.
Tukaingilia lango la mbele.
Alisimama pale kidogo, akalishika komeo,
kwani miaka yote ile aliingilia la nyuma, kando ya jaa,
na kedi aliyejua kila unyasi kwa jina
hakuruhusiwa kupiga mpira ila Jumatatu, pekupeku.
Kwa hiyo wakiniambia enzi ya dhahabu imepita
huwauliza: dhahabu ya nani,
na ilipitishwa lango lipi?

Lakini shimo lenyewe.
Fupi, hata linatia aibu: yadi mia na thelathini.
Hakuna ziwa, hakuna maporomoko ya kusukumwa kwa pampu.
Jabali, nyasi, upepo wa ubavuni,
na feri ya Likoni inayopiga honi
mtu anapoinua tu mikono.

Nikatoa simu, ile yenye kipimo cha mteremko.
Ikasema: kushoto, kidogo.
Baba akacheka kwa pua. "Kulia," akasema.
Kedi mmoja, Chivatsi, hakutaka ubishi;
akatoa mpira mfukoni, akausukuma kwa ncha ya kiatu.
Ukaenda kushoto, kama simu ilivyosema.
Ukafika nusu ya njia, ukasita
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka,
kisha ukageuka kulia, polepole,
ukalala mdomoni mwa shimo bila kutumbukia.
Huenda ndiyo maana likaitwa la sita.

Tulirudi bila maneno mengi.
Baba alinunua mihogo ya kukaanga, akanipa ndimu yote.

Je, fani yetu imepitwa na ujana wake?
Mimi naona haijazeeka. Imenenepa.
Wagema tulisifiwa, tukalitia tembo maji,
tukazidi kulitia
mpaka likawa ziwa.

Jumatatu asubuhi nilifungua kazi ya Bwana Ndirangu.
Nikalifuta ziwa.
Chini yake palikuwa na jabali, lile lile
nililolifunika mwenyewe mwezi wa tatu.
Nikaliacha. Kandoni nikaandika: *lisiguswe*.

Saa tano kasoro simu ikalia.
"Dada," akasema, "ziwa langu liko wapi?"