Chini ya Misonobari

Zisi hachimbi kwa pupa. Anafagia kwanza
kwa ubavu wa buti lake zile sindano kavu,
zulia la misonobari lililofumwa bila kelele.
"Hizi haziozi," anasema, "zinachacha."
Ananinusisha konzi moja: ndimu, uyoga, moshi wa jana.

Chini yake weusi mwembamba kama ukoko wa chungu,
umeshonwashonwa na nyuzi nyeupe za kuvu.
Kisha kijivu. Kijivu cha majivu,
na hakuna aliyewahi kukoka moto hapa.

"Mvua hiyo. Inashuka na ukali wa sindano,
inaupokonya udongo chuma, chokaa, rangi,
inakwenda kuvificha kule."
Ncha ya sepetu inagusa mstari wa kutu.

Nimekuja na chupa ya divai, kitambaa cha pamba,
na kisanduku cha bati nilichonunua Ioannina,
jina lake kifunikoni: Evanthia.
Kwetu wafu hawapewi ardhi, wanapangishwa.
Miaka saba, kisha mifupa inatolewa,
inaoshwa kwa divai, inahamia chumba cha nyuma ya kanisa.

Mama mdogo Thomai, aliyezikwa bondeni kwenye chokaa,
alitoka kamili, mweupe kama sahani za harusi,
hata kidole alichovunja akikimbiza mbuzi.
Mama yeye alitaka huku juu, ukingoni mwa msitu,
asikie upepo. Tukamkubalia.
Udongo hatukuuliza.

Zisi anaweka sepetu kando, anapiga magoti.
Kifungo cha koti.
Kifungo kingine.
Pete.
Soli ya kiatu, nzima, namba bado inasomeka: thelathini na saba.

Mfupa hakuna. Kuna kivuli tu udongoni,
weusi wa urefu wa mtu,
na mzizi mmoja umepita palipokuwa na kifua
bila kupinda.

Zisi, aliyefukua nusu ya kijiji, anavua kofia.
"Huyu hadaiwi," anasema. "Amelipa mpaka senti."

Nami nacheka, Mungu anisamehe,
nikimkumbuka akipangusa sahani kwa mkate,
akitugombeza kwa kila punje tuliyobakiza.

Divai nimeimwaga pale pale. Ilizama upesi,
kama iliyokuwa ikisubiriwa.

Nikateremka na kisanduku kwapani,
na njia nzima, kila nilipojikwaa,
pete na vifungo viwili
vikazozana ndani ya bati.