Chupa ya Matone Mia Mbili

Kuku wangu ni kumi na mmoja.
Kumi na wawili, ukimhesabu Mtoro,
na mie simhesabu,
kwa sababu tangu mfungo mosi anataga kwa Bi Mwanjaa,
juu ya gunia la mkaa, nyuma ya mlango wa jiko,
na Bi Mwanjaa kasema yai ni la mwenye gunia.

Hatusemeshani. Makorora nzima inajua.
Ua wa makuti kati yetu umeoza,
pana tundu la kupita kuku.
Salamu haipiti.

Alfajiri jogoo wangu kishingo,
shingo tupu, nyekundu, kama mdaiwa
anayechungulia kama mdai keshapita,
anawika mara moja. Si mtu wa maneno mengi.
Nafungua banda, namwaga pumba na vichwa vya dagaa.
Kidimu, manyoya nyuma mbele
kama aliyevaa gauni gizani,
anakula huku kakanyaga bakuli.
Mama Wanane alitotoa wanane;
mwewe alianza hesabu, nguchiro akaimaliza,
jina tumemwachia.

Natia majivu viotani, utitiri hauyapendi.
Nakata mshubiri, nauloweka kwenye maji yao.
Wanakunja uso.
Kuku ana uso, asikudanganye mtu.

Mwaka jana kideri kiliingia.
Kuku anasimama kama aliyesahau alichotumwa,
shingo inajipinda, inatazama mbingu,
na siku ya tatu unachimba shimo.
Nilifukia ishirini na sita.
Usiku ule nilisikia jembe la Bi Mwanjaa ng'ambo ya ua,
naye, bila shaka, alisikia langu.
Hatukusema pole.

Jumatatu hii akapita Semkiwa, kijana wa mifugo,
kisanduku cha barafu begani,
akanitolea chupa fupi kuliko kidole cha mwisho.
"Matone mia mbili, mama. Ikifunguliwa, kesho haifai."
Nikapiga hesabu. Kumi na mmoja wangu.
Mia na themanini na tisa nimtilie nani?
Ua?

Nikatoka na leso yangu, nikapiga hodi uchochoro mzima:
kwa fundi baiskeli, kwa muuza mihogo,
kwa yule mwalimu anayefuga kimyakimya akidhani hatusikii.
Mlango mmoja nikauruka.
Wakaja na kuku matengani, kwenye ndoo,
mmoja kwenye mkoba wa shule, kichwa nje, anasoma njia.

Unamlaza ubavu. Kidole utosini.
Jicho linabaki juu, rangi ya chai isiyo maziwa,
na wewe umo ndani yake, mdogo, umeshika chupa.
Tone.
Usimwachie bado. Subiri apepese.
Akipepesa, limeingia.

Nilikuwa nimepita mia, mgongo unaniuma,
mlango wa nyuma ukalia.
Bi Mwanjaa. Mtoro kwapani, beseni mkononi.
Akamlaza ubavu. Anajua kushika, hilo sikatai.
Nikatia tone. Mtoro akapepesa.
"Na hawa," akasema.
Neno la kwanza tangu mfungo mosi.

Beseni lilikuwa linalia.
Kumi. Wa juzi, mgongo haujakauka vizuri.
Kumbe mayai hakukaanga hata moja;
alimwachia mwenyewe alalie,
akanunua mkaa wa kopo siku ishirini na moja
asiguse gunia.

Nikaangalia vizuri. Saba kati yao
shingo tupu, nyekundu.
Nikamtazama Bi Mwanjaa. Akatazama paa.
"Gunia ni langu," akasema.
"Na shingo?"

Jua lilikuwa linapanda, na dawa haingoji shauri.
Akamtoa wa kwanza, mdogo kuliko wote,
kichwa chake chote kikatosha baina ya vidole vyake viwili.
Yeye akashika. Mie nikatia.
Tukasubiri apepese.