Uzito wa Ziada

Mizani ya uwanja wa ndege wa Maskati haina haya.
Inasema thelathini na nane, mbele za watu,
na binti wa kaunta, kucha zake zina hina ya Idi iliyopita,
anatutajia bei ya kilo nane kama anayetaja saa.

Mundhiri anapiga goti, anafungua begi.
Matufe matatu yamelala humo kama mayai ya ndege asiyejulikana:
la zambarau kwa njia kavu, jeusi kwa njia yenye mafuta,
na la rangi ya chungwa, la kuiendea pini iliyobaki peke yake.
Anatoa koti.
Anatoa kopo la haluwa nililolifunga kwa tepu.
Anatoa viatu vya Ijumaa, taulo, shati la tatu.
Thelathini na moja.
Anatoa soksi.
Thelathini na nusu. Binti anatazama pembeni, anampitisha.

Basi nikarudi Mabela na koti la Polandi mapajani,
nje digrii arubaini na nne,
Rayya kiti cha nyuma anachota haluwa kwa kidole.
"Mama, baba anakwenda kupigana na chupa?"
Naam, mwanangu. Chupa kumi.
Kila akiziangusha, zinasimamishwa tena.

*

Hesabu iko nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
kiingilio, riyali mia na ishirini;
hoteli siku sita, watu watatu chumba kimoja;
viza, iliyokataliwa mara ya kwanza na pesa hazikurudi.
Bangili zangu mbili zilizobaki Matrah, hizo sikuziandika.
Kampuni ya maji imempa likizo bila mshahara,
ya mwisho, wamesema,
na neno "mwisho" wamelipigia mstari.

Shemeji Azani huja na vitumbua, akavila mwenyewe,
akanywa chai ya maziwa vikombe viwili, kisha:
"Mwanamume mzima, kuviringisha duara, ndiyo kazi?"
Mama mkwe hunitangulia kujibu:
"Wewe ulifungua duka la manukato. Liko wapi?"
Akishaondoka, mama huniuliza mimi, taratibu,
swali lile lile.

Nami nimjibu nini?
Nilimwona Khuwair, kabla ya posa,
ukumbi umejaa vijana na kelele zao,
yeye amesimama kimya kama anayenuia sala.
Hatua tano, mkono ukibembea kama kamba ya ndoo,
kisha sauti ile:
kabati zima la vyombo linaanguka
na hakuna kilichovunjika.

*

Matokeo hunifikia alfajiri.
Leo: wa thelathini na tatu.
Wanalipa hadi wa thelathini na mbili.
"Pini ya kumi," ameandika. "Ilitikisika, ikakataa."
Sikumwandikia kwamba Rayya ana homa,
wala kwamba mwenye nyumba kapiga simu mara mbili.
Niliandika: Umekula?
Akaandika: Baridi.

Koti liko msumarini.

Chini ya kitanda kuna tufe la nne, kuukuu.
Nililipiga picha, nikalitangaza.
Akaja mtu kutoka Ghala, akaligeuza, akatia vidole, akacheka:
"Dada, mashimo haya yametobolewa kwa mkono wa mtu mmoja.
Mwingine atalifanyia nini?"
Akamaliza kahawa, akaenda zake.

Usiku, Rayya kashapoa, kalala, nimetia vidole vyangu.
Vinapwaya. Gumba linaogelea.
Nimelinyanyua hata hivyo, kwa mikono miwili,
hadi barazani, walikopanga chupa sita za laban
mtoto na bibi yake, mchana, wakizipiga kwa chungwa.
Nikainama. Nikalisukuma.

Kishindo, kisha kimya,
kisha sauti ya mama mkwe kutoka chumbani, macho makavu kabisa:
"Ngapi?"
"Tano."
"Rudia."